UWANJA ULISHABOMOLEWA, JAMAA AKAENDELEA KUKATA NYASI

Wadau, kuna kupenda, halafu kuna kupenda kwa huyu jamaa wa Detroit, kule Marekani. Jina kapuni. Ni mtu wa kawaida kabisa, ana kazi yake, ana bili zake, si staa wala si mtoto wa tajiri. Lakini kuanzia Mei 2010 akawa anatumia muda wake wa mapumziko kusukuma mashine ya kukatia nyasi kwenye kiwanja kitupu katikati ya mji. Kiwanja si chake. Halipwi hata senti. Na ruhusa ya kuingia pale hakuwa nayo.

Ukimwona kwa mbali utasema huyu kachanganyikiwa, aende nyumbani akapumzike. Ila ukijua pale ni wapi, na nini kilikuja kutokea baadaye, unaweza ukanyamaza kidogo.

KONA YENYEWE

Pale ni makutano ya barabara mbili, Michigan na Trumbull, mtaa wa Corktown. Huo ndio mtaa mkongwe kuliko yote iliyobaki Detroit, na jina lake limetokana na wahamiaji wa Ireland waliotoka Cork. Besiboli ya kulipwa ilianza kuchezwa kwenye kona hiyo mwaka 1896, enzi hizo uwanja ni wa mbao na unaitwa Bennett Park. Tarehe 20 Aprili 1912 ukafunguliwa uwanja wa maana, wa chuma na zege, ukaitwa Navin Field. Mwaka 1938 ukawa Briggs Stadium. Mwaka 1961 ukapewa jina ambalo wengi wanalikumbuka mpaka leo, Tiger Stadium, kwa kuwa palikuwa nyumbani kwa timu ya Detroit Tigers.

Majina manne, kona ileile. Wenyeji walikuwa wanapaita tu "Kona", na kila mtu anaelewa.

Kwa mtu aliyezoea soka, besiboli inaweza kuonekana mchezo wa kuzubaa. Mmoja anarusha kimpira, mwingine kashika gongo anakisubiri, akikipata watu wanakimbia kuzunguka. Lakini chukua presha ya Simba na Yanga, isambaze kwenye mechi 81 za nyumbani kila msimu, halafu fanya hivyo kizazi baada ya kizazi. Babu kampeleka baba, baba kampeleka mtoto, na wote wanakaa majukwaa yaleyale. Ndiyo utaelewa kwa nini watu wazima walilia kwa ajili ya jengo.

Na matukio yaliyopita pale si ya kitoto. Mwaka 1934 Babe Ruth, pengine mchezaji maarufu kuliko wote wa mchezo huo, alifikisha pale homurani yake ya 700, yaani ule mpira unaopigwa mpaka unapitiliza mipaka ya uwanja. Tarehe 2 Mei 1939 Lou Gehrig wa New York Yankees, mtu ambaye alikuwa hajakosa mechi hata moja kati ya mechi 2,130 mfululizo, alijitoa mwenyewe kikosini akiwa kwenye uwanja huo. Mwili ulikuwa umeshaanza kumgomea. Ikaja kugundulika ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu ambao Wamarekani wengi mpaka leo wanauita kwa jina lake, na miaka miwili baadaye akafariki.

Kingine kilichokuwa gumzo ni mlingoti wa bendera. Ulikuwa na urefu wa mita 38 hivi, na ulisimama ndani kabisa ya eneo la kuchezea, kule nyuma katikati. Mchezaji anakimbiza mpira huku anaangalia asijigonge kwenye nguzo. Ushike huo mlingoti akilini, tutakutana nao mbele.

TIMU IKAHAMA, UWANJA UKAACHWA UNAOZA

Mashabiki walianza kunusa hatari mapema. Tarehe 20 Aprili 1988, siku uwanja unatimiza miaka 76, watu zaidi ya elfu moja walishikana mikono wakauzunguka wote, wakaukumbatia. Yaani kweli, jengo limekumbatiwa. Mwaka uliofuata ukaingizwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Klabu ya mashabiki ikachora hadi mpango wa kuukarabati kwa kama dola milioni 26.

Mpango haukupita. Timu ikataka uwanja mpya, na uwanja mpya ukaja kugharimu kama dola milioni 300. Huo ndio Comerica Park, ambao Tigers wanautumia mpaka leo.

Mechi ya mwisho kwenye Kona ilichezwa tarehe 27 Septemba 1999 dhidi ya Kansas City Royals. Tigers walishinda 8 kwa 2, na mchezaji wao Robert Fick alipiga homurani ya alama nne iliyogonga paa. Ulikuwa uagaji wa kishujaa. Baada ya mechi wakang'oa kile kibao cheupe cha chini ambacho mpigaji husimama pembeni yake, wakakipeleka uwanja mpya kwa msafara wa polisi. Kibao kikaondoka na heshima zote. Uwanja ukabaki.

Ukabaki hivyohivyo karibu miaka kumi. Kila baada ya muda linakuja wazo jipya, linazungumzwa, linayeyuka. Mara maduka, mara nyumba, mara timu ndogo ije icheze. Mwaka 2000 uliwahi kutumika kuigizia filamu, ukapakwa rangi ujifanye uwanja wa New York, halafu basi. Mwaka 2007 viti na vitu vingine vikapigwa mnada. Mwaka 2008 mashine za kubomolea zikaingia. Kulikuwa na kundi la wahifadhi lililopigania angalau kipande kimoja cha jukwaa kibaki, na seneta wa jimbo lao, Carl Levin, alikuwa ameshatafuta dola milioni 3.8 za serikali kuu kwa kazi hiyo. Jiji likasema muda umeisha. Mpaka Septemba 2009 hakuna hata tofali lililokuwa limesimama.

Kilichobaki ni ekari tisa na nusu za udongo na magugu, uzio, geti la zamani na ule mlingoti.

HAPA NDIPO UBUYU UNAPOANZA

Mei 2010 Detroit ilikuwa na msiba. Alikuwa amefariki Ernie Harwell, mtangazaji wa redio ambaye sauti yake ndiyo ilikuwa sauti ya Tigers kwa miongo kadhaa. Mwezi huohuo jamaa wetu akaenda kwenye Kona na mashine ya kukatia nyasi. Akakuta magugu marefu na takataka kila sehemu. Akaanza kukata.

Siku nyingine akarudi na washikaji. Wakafyeka, wakazoa chupa na matairi, wakatafuta pale ambapo kichuguu cha mrushaji mpira kilikuwepo, wakakijenga upya. Wakachonga njia za kukimbilia. Wakajipa jina la Navin Field Grounds Crew, wakitumia jina la uwanja la mwaka 1912.

Polisi wakaja. Hili ni eneo la jiji, mmevamia, tokeni au mtakamatwa. Wakatoka. Polisi walipoondoka wakarudi. Wakafukuzwa tena, wakarudi tena. Jiografia ya jambo hili inachekesha kidogo: Detroit ya wakati ule ilikuwa na majengo matupu kila kona. Mji ambao mwaka 1950 ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8, kwenye sensa ya 2010 ulikuwa umebaki na watu kama 714,000. Mwaka 2013 jiji lenyewe likafilisika rasmi mahakamani. Uchafu ulikuwa umejaa mji mzima, halafu wanaotaka kukamatwa ni watu waliokuja kuzoa uchafu bure.

Taratibu usumbufu ukapungua. Nani atajitokeza hadharani aseme amemfunga mtu kwa kosa la kukata nyasi?

Na hapo kikatokea kitu ambacho hata hao washikaji hawakukipigia hesabu. Watu wakaanza kuja. Wazee wakiletwa na watoto wao, wanasimama pale alipokuwa anasimama mchezaji waliyempenda wakiwa wadogo. Baba anarushiana mpira na binti yake. Wengine walifungia ndoa palepale. Wengine wakaja na majivu ya marehemu wao, mtu aliyeacha usia kwamba akifa arudishwe kwenye Kona, wakayamwaga kimyakimya kwenye nyasi.

Fikiria hilo kidogo. Hakuna jukwaa, hakuna taa, hakuna tiketi, timu iko kule kwenye uwanja wake mpya wa kifahari. Lakini watu walikuwa bado wanapaita uwanja, kwa sababu kulikuwa na mtu anakata nyasi. Magugu yakiachwa miaka miwili mitatu, mahali panaanza kuitwa "pori", halafu "eneo la wazi", na mwisho "kiwanja kinauzwa". Mashine moja ya kukatia nyasi ndiyo ilikuwa inazuia jina lisibadilike.

POLISI WAKARUDI, ILA KWA STAILI NYINGINE

Baadaye ikaja taasisi inayoitwa Detroit PAL, inayoendesha michezo ya watoto na vijana mjini hapo kwa kushirikiana na polisi. Ndiyo, polisi. Waliokuwa wanafukuza watu kwenye nyasi, sasa jina lao liko kwenye mpango wa kuwajengea watoto uwanja palepale. Maisha haya bhana.

Mpango ulikuwa hivi: ofisi za PAL ziwe hapo, kijengwe kiwanja kidogo chenye nafasi ya watu 2,500 hivi, watoto wa Detroit wacheze kwenye eneo lilelile walilocheza magwiji. Kingo za eneo wajenge fleti na maduka ili mradi ujiendeshe. Mlingoti ubaki ulipo, kiwanja kikae palepale kilipokuwa.

Ukisikia hivyo unapiga makofi, si ndiyo? Jamaa na wenzake wangekuwa wa kwanza kushangilia. Shida ikaja kwenye neno moja: nyasi.

PAL walitaka nyasi bandia. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Kiwanja kitatumika tangu asubuhi mpaka usiku, besiboli, soka, michezo mingine, maelfu ya watoto, na kwenye baridi na mvua za Michigan nyasi za kweli zingegeuka tope ndani ya mwezi. Ukiwa na nyasi bandia, mvua ikikatika watoto wanaingia.

Upande wa pili, watu waliokuwa wanakata zile nyasi miaka sita mfululizo walisikia kama wanaambiwa mama yao atabadilishwa sura. Kwao kilichobaki cha kuhifadhi kilikuwa ni ule udongo na zile nyasi tu, kila kitu kingine kilishabomolewa. Ukiziondoa, unahifadhi nini? Na kumbuka, kuna watu walishamwaga majivu ya wapendwa wao pale.

Hapa ndipo stori inapokuwa ngumu, kwa sababu hakuna mbaya wa kumzomea. Ukiwa upande wa kumbukumbu, nyasi za kweli ni haki. Ukiwa mama wa mtoto wa miaka tisa ambaye hana pa kuchezea, nyasi bandia ni haki. Wote wanasema "kwa ajili ya jamii", na wote wanasema kweli. Ni jamii mbili tofauti, moja imeshacheza, nyingine haijacheza bado.

Nyasi bandia zikashinda. Machi 2018 kiwanja kikafunguliwa, kinaitwa The Corner Ballpark.

JINA LILILOBAKI KWENYE KIWANJA

Eneo la kuchezea wakalipa jina la Willie Horton. Huyu inabidi atajwe, maana hapa walipatia.

Horton alikulia Detroit. Mwaka 1959, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, alicheza fainali ya shule kwenye uwanja ule na akapiga mpira mrefu ambao wenyeji wanauzungumzia mpaka leo. Akaja kuwa nyota wa Tigers, timu ambayo ilikuwa ya pili kutoka mwisho ligi nzima kukubali mchezaji mweusi, mwaka 1958. Tarehe 23 Julai 1967, siku vurugu kubwa za ubaguzi na ukatili wa polisi zilipolipuka Detroit, Horton alitoka uwanjani baada ya mechi akiwa bado na jezi mwilini, akaenda hadi mtaani moshi unapofuka, akapanda juu ya gari kuwaomba watu watulie. Hawakutulia. Watu 43 walikufa katika siku zile. Lakini mji haukusahau kwamba yeye alikwenda.

Sasa watoto wa mji huo, wengi wao weusi, wanacheza kwenye kiwanja chenye jina lake, mlingoti uleule wa mita 38 umesimama nyuma yao. Ukitaka kumwambia mtoto kwamba mahali hapa ni pake pia, sijui kama kuna namna nyepesi zaidi ya hiyo.

NA JAMAA JE?

Wengi wangesusa. Wangekaa mtandaoni kila siku kuponda mradi. Jamaa na wenzake walikuwa na kila sababu ya kununa, lakini mashine zao zilikuwa bado zinafanya kazi. Wakazipakia kwenye gari wakahamia Hamtramck.

Hamtramck ni mji mdogo ambao Detroit imeuzunguka karibu pande zote. Una uwanja wake wa besiboli uliojengwa mwaka 1930, na huo ni wa aina nyingine kabisa. Ulikuwa nyumbani kwa Detroit Stars, timu ya ligi ya wachezaji weusi, wakati ambapo ligi kubwa ilikuwa imewafungia mlango kwa sababu ya rangi tu. Viwanja vya ligi hizo vilivyobaki vimesimama Marekani ni vya kuhesabu.

Nyota wa Stars alikuwa Turkey Stearnes, mmoja wa wapigaji hatari kuliko wote wa zama zake. Msimu ukiisha alikuwa anakwenda kufanya kazi kiwandani kwa Walter Briggs. Huyo Briggs ndiye aliyekuwa mmiliki wa Tigers, ndiye aliyeupa ule uwanja wa kwenye Kona jina lake. Yaani kiwandani kwake Stearnes anafaa, uwanjani kwake hafai. Alifariki mwaka 1979. Heshima ya kuingizwa kwenye jumba la magwiji wa mchezo huo ilikuja mwaka 2000, miaka 21 akiwa kaburini.

Uwanja wake ulikuwa umechoka, jukwaa limefungwa kwa sababu ya ubovu, nyasi zimejiotea. Wahifadhi wa hapo walikuwa wameshapambana mpaka ukaingia kwenye orodha ya taifa ya kihistoria mwaka 2012, na mwanamuziki Jack White, mtoto wa Detroit, alichangia fedha. Jamaa na kundi lake wakaleta walichonacho, jasho. Mwaka 2022 jukwaa lililokarabatiwa likafunguliwa tena, na eneo la kuchezea lina jina la Stearnes.

Kwa hiyo watu waliofukuzwa na nyasi bandia kwenye uwanja ambao Stearnes hakuruhusiwa kuuchezea, waliishia kutunza uwanja wa Stearnes mwenyewe. Hakuna aliyepanga iwe hivyo.

TUNAONDOKA NA NINI?

Ukihesabu vizuri, upande wa jamaa ulishindwa mara tatu. Uwanja haukuokolewa. Kipande cha jukwaa hakikuokolewa. Nyasi hazikuokolewa. Lakini ukipita kwenye Kona leo huoni maegesho ya magari wala ghala, unaona watoto wanacheza besiboli palepale ilipoanza kuchezwa mwaka 1896. Miaka ile ambayo hakuna mwenye fedha aliyeitaka Kona, kulikuwa na watu wachache waliohakikisha panaendelea kuonekana kama mahali pa kuchezea, mpaka mwenye fedha alipofika akakuta hawezi kuwaza kitu kingine.

Kuhifadhi mara nyingi tunakuchukulia kama kazi ya serikali na wataalamu, kibao cha chuma ukutani na mkanda wa kukatwa na mgeni rasmi. Kumbe kuna kuhifadhi kwa chinichini, kwa kutumia tu. Sehemu inayochezewa kila wiki ni ngumu kuiuza. Sehemu ambayo kila mtu anaipenda moyoni ila hakuna anayeikanyaga, hiyo siku moja utaikuta ina ukuta na geti, na mlinzi atakuuliza unamtafuta nani.

Na kuna la pili, gumu kulimeza. Ukipigania kitu kiwe cha watu wote, siku watu wote wakija wanaweza kukitumia tofauti na ulivyotaka wewe. Watoto wa Detroit hawadaiwi kulilia nyasi za babu wa mtu mwingine. Wao wanadai nafasi ya kukimbia tu.

Kila mdau hapa ana kiwanja alichochezea utotoni, chandimu mpaka giza, magoli ya mawe. Wengine bado kipo. Wengine leo kuna frem za maduka. Chako kiko wapi sasa hivi, na kama bado kipo, nani anakitunza? Tiririka hapo chini.